Kikohozi cha Heshima

Babu yangu, baba yake baba, hakuwa na ugonjwa wowote wa kifua, lakini sijapata kumjua mtu aliyekohoa kama yeye. Akitoka shambani anakohoa. Akienda kunawa anakohoa. Akikaribia kona ya nyumba yetu kule Ibaba, ambako asubuhi ukungu unashuka mpaka mtu anamtafuta ng'ombe wake kwa kumsikiliza, hapo ndipo alipokohoa kwa bidii zaidi. Kikohozi chake kilianza chini, kama mtu anayeburuta kinu, kikapanda, kikakatika juu kwa kishindo: khe! Sisi watoto tulikiiga nyuma ya zizi, na bila kujisifu mimi ndiye niliyekipatia. Babu alikuwa na mbwa mwekundu, mvivu wa kupindukia. Hata babu alipokwisha kufa, mimi nikikohoa vile, mbwa ananyanyuka, anatazama njiani huku mkia unatikisika, haoni mtu, anarudi kulala akinitazama kwa jicho baya. Bibi akanikataza. Alisema mbwa naye ana moyo.

Nilikuwa mkubwa kidogo, ng'ombe wananisikia, nilipogundua kwamba kikohozi kile kilikuwa na mtu wake. Mama alikuwa uani anapepeta ulezi. Babu akakohoa kwenye kona. Mama akaacha ungo pale pale, akaingia nyuma ya ghala la mahindi, akainama kama mtu aliyedondosha sindano. Babu akapita akitazama mbele, utadhani uani hakuna ungo wala ulezi wala kuku waliokwisha kuanza kuula. Alipopotea, mama akatoka, akawafukuza kuku.

Nikamuuliza, "Mama, babu anaumwa?"

"Haumwi. Anapiga hodi."

Kwetu Undali ndivyo ilivyokuwa. Mke wa mtoto wako na wewe baba mkwe hamkutani uso kwa uso. Si ugomvi. Ni heshima, tena ile kubwa. Mkikutana njiani, yeye anaiacha njia, anakaa majanini akikupa mgongo mpaka upite. Hakuiti jina, hali nawe, hasemi nawe. Na wewe mwanamume, ukiwa na adabu, unamsaidia: unakohoa mapema, apate nafasi ya kuondoka bila kukimbia. Baba mkwe asiyekohoa ni mshenzi. Walokole wengi walikwisha kuiacha desturi hiyo, na vijana wa leo wanakaa na wakwe zao kwenye kochi moja wanatazama mpira, nami sina neno. Mimi nimelelewa hivyo. Hata kanisani nilikuwa nakaa upande wa dirishani ili mke wa mwanangu akae kwa raha kule kwa akina mama.

Lakini nimeanza mbali. Nilikaa niandike habari za kidole changu gumba, sasa niko kwa mbwa wa babu.

Nilishuka kuja Tunduma miaka ile mipaka ilipoanza kulegea. Kabla ya hapo tulikuwa tumeteseka na sabuni. Kuna kipindi kule milimani tulifua kwa majani ya mpapai na majivu, na mtu aliyekuwa na kipande cha sabuni alikifungia kwenye kabati kama cheti cha ndoa. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa, kila kitu kikaja kwa pamoja: sabuni, mitumba, redio, mafuta ya kujipaka yenye picha za wanawake wanaocheka. Tunduma ikawa mji ambao mtu akilala mchana akiamka anakuta duka jipya mbele ya mlango wake. Siku hizi wanatuita Mkoa wa Songwe. Wakati huo tulikuwa Mbeya bado, na Mbeya yenyewe ilikuwa mbali.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo kazi niliyopata ni ya mikono. Nilikuwa nashona magunia. Usicheke, ni ufundi. Mahindi na maharage yakija kutoka Mlowo na vijijini, wenye ghala walitaka lumbesa, yaani gunia lililojazwa mpaka likaota kichwa juu ya mdomo wake. Kichwa hicho kinashikwa na kamba ya katani, na kamba inapitishwa kwa sindano ndefu iliyopinda, na sindano inasukumwa na kidole gumba cha mkono wa kulia. Nguvu zote za lumbesa zinakaa kwenye kidole hicho. Gunia langu lilikuwa linafika ng'ambo ya mpaka, Zambia, linashushwa, linapandishwa, halivuji. Wapagazi walikuwa wakilitambua kwa mshono. Sikuwa na shamba mjini, sikuwa na ng'ombe, nilikuwa na kidole gumba.

Mwanangu wa kwanza akawa dereva wa lori, leo yuko Lusaka, kesho yuko njiani kwenda Kongo. Akaoa binti wa Kinyiha kutoka Mbozi, watu wa kahawa, familia ya kanisa na utulivu. Binti alikuwa amesomea uuguzi, akafanya kazi zahanati kidogo, halafu wakafungua na mumewe duka la dawa, lile tulilokuwa tunaliita dawa baridi, karibu na pale malori yanapopanga foleni ya mpakani. Duka lenyewe lilikuwa dogo kama banda la kuku: dirisha lenye nondo na wavu, tundu moja chini la kupitishia dawa, na ndani pazia la kitenge linalotenganisha dawa na mahali pa kukaa.

Bibi yangu, yaani mke wangu, alikuwa amemfundisha yule mkamwana wetu. Alimwambia: baba mkwe wako humtazami, hamzungumzi, akija unajificha. Binti akakubali. Kwao wana namna yao ya kuwaheshimu wakwe, na alikuwa mtu wa kujifunza. Kitu kimoja tu bibi yangu alisahau kumfundisha, kwa sababu kwetu hakifundishwi, kinajulikana. Hakumwambia habari za kikohozi.

Sasa vumbi la magunia. Anayelijua analijua. Linaingia kwenye vinyweleo, unajikuna, unajichubua, kesho pana kipele, keshokutwa kipele kina maji, halafu kinapasuka na kufanya gaga la njano kama asali iliyoganda. Mikono yangu ikajaa hivyo mpaka kwenye viwiko. Pale ghalani kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alinishauri nifungue kidonge cha rangi mbili, nimwage unga wake juu ya kidonda. Mwingine akasema maji ya betri, na huyo nilimtazama vizuri nikaona mikono yake mwenyewe, nikamshukuru nikaondoka.

Ningeweza kwenda duka lingine. Yalikuwepo, na kuna moja ambalo mwenyewe alikuwa anakuchoma sindano hata ukienda kuulizia saa. Lakini fikiria: mkamwana wako amefungua duka jipya, watu bado wanalichungulia wakiwa mbali, halafu baba mkwe mzima anaonekana anatoka kwa jirani na dawa mkononi. Wangesema hata wakwe zake hawamwamini. Kwa hiyo ilikuwa ni kwake au si kwa mtu. Mwanangu alikuwa safarini, bibi yangu alikuwa amepanda Ibaba kwenye shamba. Nikaenda mwenyewe.

Nilifika kwenye kona ya duka nikafanya kama nilivyofunzwa. Nilikohoa. Kile cha babu, kutoka chini mpaka juu. Nikaona pazia limetikisika, nikajua amejificha, vizuri. Nikangoja. Nikakohoa tena, kumjulisha kwamba bado nipo na nina shida.

Chini ya turubai lake mbele ya duka lile, ng'ambo ya mtaro, alikuwa anakaa fundi viatu, mtu wa upande wa pili, Mzambia, mwenye umri kama wangu. Alikuwa anashona katambuga za matairi na kubandika soli, na mdomo wake ulikuwa unafanya kazi kuliko msharasi wake. Mimi aliniita mudala, yaani mzee, ingawa tukisimama pamoja sijui nani angempisha nani kiti. Nikamwona anaitwa kwa mlango wa nyuma. Akaenda, akarudi na chupa ya dawa ya maji, ya rangi ya kahawia.

"Mudala, pokea. Mkamwana wako anasema kijiko asubuhi, kijiko mchana, kijiko jioni. Na uache kuvuta sigara."

"Sivuti sigara."

"Basi anza, upate kuacha."

Nikaitazama ile chupa. Nikafikiri, labda hizi dawa za kisasa mtu anakunywa huku tiba inatokea kwenye ngozi. Yeye ndiye aliyesoma. Nikaenda nayo nyumbani nikainywa. Ilikuwa tamu, sikatai, na nililala kama mbwa wa babu. Lakini vidonda vikazidi kutoa maji.

Nikarudi. Nikakohoa, safari hii kwa nguvu zaidi, maana nilidhani pengine hakunisikia vizuri. Fundi viatu akaitwa, akarudi hana chupa, uso wake umekuwa mrefu.

"Anasema kikohozi hicho hakipendi. Anasema uende ukapime makohozi."

"Makohozi ya nini?"

"Mudala, unaniuliza mimi? Mimi ni mtu wa soli."

Alisema hayo kwa sauti, na pale barabarani palikuwa na wapagazi wawili wa ghala letu wanakula mihogo. Siku iliyofuata nilipofika kazini nikakuta kikombe changu cha chai kimewekwa peke yake juu ya tofali, na mtu niliyekuwa nashona naye gunia kwa gunia amehamia karibu na mlango, eti kuna upepo mzuri. Mimi nashona, wao wananisikiliza kama nitakohoa. Na mtu ukisikilizwa hivyo, koo linawasha. Nilijikaza mpaka machozi.

Jioni nikaenda kwa fundi viatu, sikukohoa, nikakaa kwenye tairi lake nikamweleza yote: babu, kona, mama nyuma ya ghala, ulezi na kuku. Alinisikiliza msharasi ukiwa hewani. Nilipofika mwisho alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kigoda chake akakaa chini kabisa kwenye vumbi.

"Awe, mukwai! Hapana, bwana! Kwa hiyo kifua ni kizima?"

"Kizima."

"Na unaumwa nini sasa?"

Nikamwonyesha mikono. Akaacha kucheka, akakunja uso, halafu akaanza tena. "Nyie Watanzania mtaheshimiana mpaka mfe!"

Akaenda nyuma. Nilikuwa ng'ambo ya mtaro na malori yalikuwa yananguruma, lakini niliisikia sauti moja kutoka nyuma ya pazia. Alikuwa anacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mke wa mwanangu akicheka, na nilitazama upande mwingine kwa adabu huku nafurahi moyoni.

Tangu hapo mambo yakawa na utaratibu. Mimi nikifika nakaa kwenye tairi kwa fundi viatu, ng'ambo ya mtaro, yeye anavuka na maneno na kurudi na maneno. Maagizo ya vidonda yalikuwa haya: nioshe kwa sabuni na maji safi, magaga nisiyabandue kwa kucha ila niyalowanishe yatoke yenyewe, nikaushe, halafu nipake ile dawa ya zambarau tunayoiita jivii. Taulo yangu iwe yangu peke yangu. Kucha nikate. Unga wa kidonge cha rangi mbili nisimwage, kwa sababu unafanya ukoko juu na usaha unabaki chini unajenga nyumba.

Hilo la nyumba sijui kama alisema yeye au fundi viatu aliongeza. Fundi alikuwa anaongeza. Nilikuwa namwona anavuka mtaro na maneno machache, akifika kwangu yamezaa.

"Mkamwana wako anasema anakuheshimu kama Mlima Rungwe."

"Amesema hivyo?"

"Amesema upake mara mbili kwa siku. Lakini uso wake ulikuwa unasema Rungwe."

Mikono yangu ikawa ya zambarau mpaka viwikoni. Ghalani wakaacha kuogopa kifua changu wakaanza kuniita askofu. Kikombe changu kikarudi mezani. Vidonda vikakauka vyote, ngozi ikarudi, na wapagazi wawili watatu wenye upele kama wangu wakaanza kwenda pale dukani wenyewe, wanavuka mtaro bila fundi viatu wala kukohoa. Duka likaanza kupata watu. Nilikuwa nakaa kwenye lile tairi nawahesabu wanaoingia kana kwamba duka ni langu, na kwa raha niliyokuwa nayo nikawa naenda hata siku ambazo siumwi. Mkamwana alikuwa ananitumia chai. Fundi anavuka na kikombe, kimejaa, anafika nacho kimepungua. Sikuuliza.

Halafu ndipo kidole.

Msimu ulikuwa umekolea, magunia yamepanda mpaka darini. Sindano iliteleza kwenye fundo la katani ikaingia pembeni ya ukucha wa gumba la kulia. Jambo la kila siku. Niliinyonya damu, nikatema, nikaendelea kushona. Baada ya muda si mrefu kidole kikawa chekundu, kinang'aa kama bilinganya changa, na kinadunda. Kilikuwa na moyo wake peke yake.

Nikaenda kukaa kwenye tairi. Fundi viatu akavuka, akarudi: niloweke kidole kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mara nyingi kwa siku, nisikikamue, nisikitumbue, nisishone. Hilo la mwisho ndilo sikulitii. Msimu ule nikiacha kushona, mahali pangu panakaa mtu mwingine, na mtu akishakaa hatoki. Nilikuwa nashona kwa kusukuma sindano na kiganja, gunia moja kwa muda wa magunia matatu.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kukieleza vizuri, maana watu wengi hawakiamini. Mkamwana alikuwa anatuma maswali, tena ya maana. Alikuja kuniambia baadaye alivyokuwa akiuliza: je, kinadunda usiku? Je, kuna mstari mwekundu unapanda mkononi? Je, kuna tezi kwapani? Ana homa? Fundi viatu anayapokea yote yale, anavuka mtaro, anafika kwangu anayafupisha.

"Mkamwana anauliza, unaendeleaje?"

Na mimi, baba mkwe, mtu mzima, naulizwa hali na mke wa mwanangu, nitajibu nini? Nikajibu kama mtu yeyote mwenye adabu anavyojibu.

"Mwambie namshukuru Mungu, naendelea vizuri."

Fundi anavuka. "Anasema anaendelea vizuri."

Basi, ndivyo tulivyokuwa tunatibiana. Wote watatu tulikuwa watu wazuri. Yeye anauliza kwa ujuzi wake, mimi najibu kwa heshima yangu, fundi anabeba kwa mapenzi yake, na kidole kinaoza katikati.

Ikafika asubuhi moja nilikaa kwenye tairi natetemeka, jua likiwa linawaka. Nilikuwa na koti. Fundi akaniletea chai, nikaipokea nikanywa.

Yule binti alikuwa anachungulia. Ndiyo, alikuwa anachungulia kwenye pindo la pazia, alikiri mwenyewe, na kwa desturi ni kosa, lakini mimi ni nani wa kumshitaki. Akaona nimeshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Alijua mimi ni mtu wa namna gani. Mtu anayekohoa kwenye kona kabla ya kupita hanywi chai kwa mkono wa kushoto mbele za watu kama ule wa kulia unafaa kitu.

Nikasikia sauti kutoka dukani, juu ya ngurumo za malori.

"Baba!"

Sikujua kama naitwa mimi. Fundi viatu akasimama, akanitazama, akatazama duka.

"Baba, njoo hapa dirishani. Geuza uso ukutani. Niletee mkono."

Fundi akafungua mdomo, kazi yake ni hiyo. "Mkamwana wako anasema..."

"Nimesikia," nikamwambia.

Nikavuka mtaro mwenyewe. Nikageuzia uso ukutani, nikabandika shavu kwenye rangi ya ukuta wa duka, nikapitisha mkono kwenye lile tundu la dirisha kama mtu anayetafuta kuku ndani ya tenga. Nilikuwa naogopa. Si kidole, hapana. Naogopa kwamba atanigusa. Baba mkwe haguswi. Nikangoja ngozi yake, nikahisi kitu baridi, laini, kinateleza. Alikuwa amevaa glovu.

"Sijakugusa, baba," akasema. "Mpira ndio umekugusa."

Sijui alilifikiri wakati gani jambo hilo. Alikishika kidole kwa upole, akakibonyeza pembeni mahali ambapo niliona nyota kwenye ule ukuta, akapandisha mkono wa koti. Halafu akaanza kuuliza, yale yale aliyokuwa akiyatuma siku zote, na safari hii yalifika yakiwa mazima.

"Kinadunda usiku?"

"Kinadunda."

"Homa?"

"Naona baridi."

"Kwapani pana uvimbe?"

Kwapa ni kwapa. "Pana," nikauambia ukuta.

"Baba, kuna mstari mwekundu umepita kiwiko. Hii si ya duka. Mimi sina cha kukupa hapa, na mwenye kukupa kitu dukani anakudanganya. Inatakiwa ipasuliwe na upate dawa za hospitali. Unakwenda kituo cha afya sasa hivi."

"Nikimaliza magunia ya..."

"Ukimaliza magunia watakata kidole. Utashonea nini?"

Hakuna mtu aliyekuwa amenisemesha hivyo tangu mama yangu afe. Na alisema upesi upesi, nilimsikia, kwa sababu na yeye alijua anachokivunja. Nilitoa mkono kwenye tundu. Nikasema, bado nimetazama ukuta, "Nimesikia, mama." Kwetu mkamwana ukimheshimu unamwita mama. Sikuwa nimewahi kupata nafasi ya kumwita kitu chochote.

Fundi viatu alifunga kazi yake akanisindikiza mpaka kituo cha afya, akiongea njia nzima ili nisianguke. Walinichoma ganzi, wakapasua, usaha ukatoka mwingi kuliko nilivyodhani kidole kinaweza kubeba. Yule aliyenipasua aliniambia nimekuja wakati wa mwisho mwisho. Nikapewa sindano na vidonge, nikarudi siku baada ya siku kusafishwa. Kidole kilibaki. Ukucha uliota upya ukiwa umepinda kidogo, kama mtu anayetazama pembeni, lakini nguvu ilirudi, na nilishona lumbesa miaka mingi baadaye. Hata sasa kalamu hii imelalia hapo hapo. Ghalani mahali pangu palikuwa pameshakaliwa, kama nilivyoogopa, ila yule kijana mshono wake ulikuwa unamwaga mahindi mpaka mpakani, wakaniita wenyewe.

Nilipopona nilirudi dukani kutoa shukrani. Nilifika kwenye kona, nikakohoa. Pazia likatikisika.

"Karibu, baba," akasema kutoka ndani. "Kifua kinaendeleaje?"

Tulicheka wote wawili, yeye huku, mimi kule. Tangu siku ile tukawa tunaongea dirishani, mimi uso ukutani, yeye nyuma ya pazia. Bibi yangu aliporudi kutoka Ibaba akakuta hali hiyo, alishika kiuno, akatutazama, akaenda kupika. Nilikuwa namuuliza mkamwana habari za dawa, ananieleza kipi kinaponywa na duka na kipi ni cha hospitali, na mimi ghalani nikawa nawaambia wenzangu. Uso wake niliuona vizuri kwa mara ya kwanza kwenye picha ya ubatizo wa mjukuu. Ana mwanya. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Fundi viatu alikuwa bado anakaa pale pale ng'ambo ya mtaro. Nikipita tunasalimiana, nakaa kwenye tairi kidogo, halafu naitwa dirishani nakwenda. Mara kwa mara alijaribu.

"Mudala, mkamwana wako anasema leo kuna..."

"Ameshaniambia, fundi."

"Ah. Ee mukwai."

Akawa anashona kimya. Chai nilikuwa naipokea mwenyewe kwenye tundu la dirisha, imejaa mpaka juu. Nilimpelekea kikombe chake, akakinywa chote, akanirudishia, akasema asante, bila mzaha hata mmoja.

Asubuhi moja nilimkuta anakunja turubai lake. Msharasi, nyundo, kopo la gundi, vyote vimeingia kwenye mfuko wa salfeti. Nikamuuliza kama anahamia upande wenye kivuli. Akasema anakwenda nyumbani kutazama mahindi. Kigoda akakiacha juu ya tairi. Akatazama dirisha la duka, kama mtu anayengoja kuitwa kwa mlango wa nyuma, halafu akatupa mfuko begani, akapita katikati ya malori yaliyosimama, akavuka mpaka bila kugeuka, na hakurudi tena.